Kabati la Kuzeesha

Barka, nyuma ya ghala la wanga, ninalo kabati
linalozeesha vitu upesi kuliko dunia.
Ndani digrii arubaini, unyevu sabini na tano.
Nje, mwezi wa saba, arubaini na saba;
Mudrik wa foko huja kuegemea mlango wake,
"Humu," asema, "ndimo kwenye kipupwe."

Kazi yangu ni kukiuliza kila kitu: utakufa lini?
Sukari haijibu. Sukari haifi, hujifanya jiwe tu.
Wanga, miezi kumi na minane, ukilindwa na maji.
Iliki huanza kusema uongo siku ile inapopondwa.
Zafarani ina miaka yake miwili, lakini kopo likifunguliwa
nahesabu upya, kwa kalamu nyekundu.
Na samli. Samli ndiyo niilalayo macho,
maana halwa hufa siku samli yake inapokufa,
hata zafarani ikiwa bado mwari.

Mama yangu, Bi Shinuna, haielewi kazi hii.
"Wete tulikuwa na pua," asema.
Anazo bado karafuu za mwaka aliohama,
ndani ya kopo la maziwa, juu ya friji.
Sijamwomba hata moja niipime.

Tarehe tatu Februari, Ghusn bin Musabbah
alikoroga chungu namba 0417.
Nilichota vikopo kumi na viwili, kama ada:
sita kabatini, sita rafuni.
Aprili moyo wake ukasimama kituo cha mafuta,
gari likiunguruma, mlango wazi.
Hapakuwa na fomu ya kujaza.

Mwezi wa tatu, cha rafuni: rangi ile ile, korosho yakatika. Inafaa.
(Cha kabatini kilikuwa kimeshageuka.
Nikasema kabati lina haraka.)
Mwezi wa sita: inafaa.
Mwezi wa tisa tuliketi watano kwenye meza nyeupe,
kijiko, maji ya vuguvugu, kijiko,
marufuku kusema, marufuku kumtaja mpishi.
Mafuta yalikuwa yamejitenga ukingoni,
pete nyembamba ya dhahabu.
Ulimini, kwanza waridi, kisha iliki,
kisha nyuma kabisa, karibu na koo,
boksi la karatasi lililolowa mvua.

Nne kwa kumi. Tano. Nne. Mimi, nne.
Mmoja aliandika tisa. Nilimjua:
Nasib wa ufungashaji, aliyekula naye sahani moja
kila adhuhuri, miaka kumi na sita.
Nikamrudishia karatasi yake.
Akafuta, akaandika sita. Hakunitazama.

Meneja ana kontena la Kuwait,
anataka lebo iseme *mwaka mmoja*.
Mwaka ni neno zuri, lakaa vyema chini ya picha ya ngome.
Nikaandika miezi minane. Nikagonga muhuri.
Siku mbili hatukusalimiana.

Kilibaki kikopo kimoja cha 0417, cha kutupwa kwa kanuni.
Jioni akaja Yaqdhan, mwana wa Ghusn,
ambaye mwiko sasa uko mikononi mwake.
Nikampa kikopo pamoja na fomu.
Akatia saini penye neno *kimeteketezwa*,
akaketi juu ya gunia la wanga
na kijiko changu cha maabara, akala chote,
polepole, hata ile pete ya mafuta.

"Alikitoa mapema," akasema. "Mkono ulichoka."

Halwa yetu hukorogwa saa mbili na robo.
Nikafungua daftari la Februari:
saa mbili kasoro dakika tano,
mwandiko wangu, wino wangu,
na pembeni, alama yangu ya vema.